Mke wangu anasema ni makaratasi, mimi nasema ni mali. Nani ana haki?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, ninaishi Chiba, Japani, na kazi yangu ni kwenye yadi ya magari yaliyotumika, haya haya mnayoyapokea bandarini Dar es Salaam. Safu yako siikosi. Niliona ulivyowajibu watu wa stempu na yule wa sarafu za Mjerumani, nikasema na mimi nijaribu bahati yangu.

Ninakusanya mabango ya sinema za zamani za Kijapani, yale yaliyochapwa na studio zenyewe ili yabandikwe nje ya majumba ya sinema: Toho, Shochiku, Daiei, Toei, Nikkatsu. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi ndiye aliyenitia kwenye mambo haya. Alinipeleka Jimbocho, mtaa wa maduka ya vitabu vya zamani mjini Tokyo, na huko ndani ya duka moja, pembeni kabisa, kulikuwa na mafungu ya mabango unayafunua moja moja kama khanga. Nikakutana na Zatoichi, yule kipofu mwenye upanga ndani ya fimbo. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video hatuwezi kumpita mtu kama yule hivi hivi. Nikalinunua, na tangu siku hiyo sijapumua.

Sasa ninayo kama hamsini. Mengi nimeyapata kwa yen elfu tatu, elfu tano. Chumba changu ni kidogo, kwa hiyo mengine yako chini ya godoro, na matano nimeyabandika ukutani kwa selotepu.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Kuna mtu mtandaoni anauza bango la Shichinin no Samurai, ile filamu ya wale samurai saba ya Akira Kurosawa. Anasema ni la asili, la mwaka 1954, na anataka yen 180,000. Amenitumia picha. Ukubwa ni sentimita 51 kwa 73, karatasi nyeupe safi, haina mkunjo hata mmoja. Yule mzee wa kazini alinisomea maandishi: jina la Toho, majina ya waigizaji Toshiro Mifune na Takashi Shimura, na juu kabisa mstari unaosema filamu hii ilishinda zawadi ya Simba wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Venice. Mstari huo ndio ulionimaliza. Muuzaji anasema kuna mteja mwingine anasubiri, mimi ananipa mpaka Jumamosi.

Pesa ninayo, ila ni ya kupaua. Nyumba yetu Tanga imefika kwenye lenta na mabati hayajanunuliwa. Mke wangu nilimwambia ninawekeza kwenye mali ya kale ya Kijapani. Nikamtumia picha, akajibu: "Baba Salma, haya ni makaratasi ya kubandika ukutani." Hakugomba. Tangu hapo tukizungumza anauliza habari za kazi na hali ya hewa tu, na hilo ndilo linaloniumiza.

Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa mwaka na nimepanga kurudi na mabango yote. Nina nafasi kwenye kontena, pamoja na gari langu. Ninunue hilo la Samurai? Ya kweli na ya uongo mtu anayajuaje? Na yakifika Tanga, nyumba yenyewe ikiwa karibu na bahari, nitayatunzaje?

Baba Salma, Chiba


Marahaba mwanangu,

Usinunue. Nimeanza na jibu kwa sababu Jumamosi haiko mbali, na maelezo utayasoma ukiwa umetulia.

Bango lenyewe limejisema. Filamu ile ilianza kuonyeshwa Japani tarehe 26 Aprili 1954. Simba wa Fedha ilimpata Venice mwaka huo huo, lakini mwishoni mwa majira ya joto ya Ulaya, miezi kadhaa baada ya bango la kwanza kuchapwa, kubandikwa na kunyeshewa. Mchapaji wa Aprili angeijuaje zawadi ambayo haijatolewa? Mstari uliokumaliza wewe ndio unaommaliza muuzaji: hilo si bango la uzinduzi.

Halimaanishi kwamba ni la bandia. Toho iliirudisha filamu hiyo kwenye majumba ya sinema mwaka 1967, mwaka 1975 na tena mwaka 1991, na kwa marudio kama hayo huchapwa mabango mapya. Wajapani wenyewe huyaita ribaibaru, na wauzaji wa kimataifa huandika herufi R na mwaka wake, R75, R91. Ni mabango halali, yametoka studio ile ile kwa kazi ile ile, na mengine yamesanifiwa vizuri kuliko ya kwanza. Tofauti iko kwenye bei. La 1954 lililo halisi linauzwa kwa maelfu ya dola. Yen 180,000 ni kidogo mno kwa hilo, na ni nyingi mno kwa la marudio. Bei iliyokaa katikati namna hiyo inatakiwa ikutie wasiwasi kuliko bei kubwa. Na karatasi nyeupe safi isiyo na mkunjo ina maana zaidi ukijua kwamba mabango mengi ya miaka ya 1950 yamekuja kwetu yana alama za kukunjwa na vitundu vya pini pembeni.

Muuzaji wako simwiti mwizi. Wapo wanaouza wasichokijua, na hao ni wengi kuliko matapeli. Mwandikie maneno mawili: je, bango ni la hatsukokai, yaani onyesho la kwanza, au ribaibaru? Kisha mwombe picha ya mgongo wa bango, na ya kona ya chini aliyoisogelea karibu mpaka maandishi madogo yasomeke. Anayejua bidhaa yake atakutumia jioni hiyo hiyo. Anayekujibu kwa kukukumbusha yule mteja mwingine, mwache amuuzie huyo mteja.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo nililolifurahia.

Bango la Kijapani mara nyingi halikuandikwa mwaka. Umri wake unausoma kwa ishara, na kwa sinema za Japani ishara zipo nyingi kwa sababu studio zilikuwa chache na historia yake inajulikana. Tazama kwanza kama kuna neno lenye "Scope" ndani yake, kwa herufi za Kilatini au za katakana, zile Wajapani wanazoandikia maneno ya kigeni: TohoScope, ToeiScope, DaieiScope, NikkatsuScope, na Shochiku wao waliita GrandScope. Ni picha pana ya skrini, na Japani iliingia mwaka 1957. Bango lenye neno hilo linalouzwa kama la 1955 limekosea, hata muuzaji akiapa. Kisha tazama studio. Shintoho ilizaliwa 1947 ikafa 1961. Toei ilianza kwa jina hilo mwaka 1951. Nikkatsu ni kongwe, ya 1912, lakini wakati wa vita, mwaka 1942, kitengo chake cha kutengeneza filamu kilimezwa na kampuni iliyokuja kuwa Daiei, na haikurudi kutengeneza filamu mpaka 1954. Kwa hiyo filamu mpya ya Nikkatsu ya mwaka 1950 haipo. Daiei yenyewe, mwenye Zatoichi wako, ilifilisika 1971. Maandishi ya mlalo yakisomeka kutoka kulia kwenda kushoto, hapo umeshika kitu cha kabla ya vita au cha karibu na vita, kaa chini kwanza kabla hujataja bei. Na ukikuta mwaka umeandikwa kwa hesabu ya Showa, yaani enzi ya mfalme Hirohito, kwenye gazeti la studio au kwenye kipeperushi, jumlisha 1925. Showa 29 ni 1954.

Mzee wako wa kazini ni hazina. Mnunulie chai.

Vifaa vya uchunguzi ni vya bei ndogo. Wa kwanza ni utepe wa kupimia. Bango la kawaida la Kijapani ni saizi ya B2, sentimita 51.5 kwa 72.8. Kubwa lake ni B1, mara mbili ya hapo. Lile refu jembamba waliloliita tatekan ni B2 mbili zilizounganishwa moja juu ya nyingine. Vipeperushi vidogo, chirashi, ni B5. Nakala za kisasa zinazouzwa kwa watalii huchapwa mara nyingi kwa saizi za A, na A2 haifiki hata sentimita 60 kwa urefu. Ukipima ukakuta sentimita 59 kwa 42, rudisha kwenye fungu.

Cha pili ni kioo cha kukuzia, cha mara kumi kinatosha. Usiangalie sura ya Mifune. Angalia maandishi madogo kabisa ya chini, majina ya wapiga picha na watu wa taa. Kwenye chapa ya asili herufi zile ni wino mtupu, mweusi au mwekundu uliojaa, na ukingo wake ni safi hata kwenye mistari myembamba ya kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina. Picha za waigizaji zitakuwa za vidoti, hilo ni sawa, uchapaji wa ofseti wa mashine ndivyo ulivyo. Lakini mtu aliyenakili bango kwa kulipiga picha amenakili kila kitu kama picha, hata herufi, kwa hiyo chini ya kioo herufi nazo zitavunjika kuwa vidoti vya rangi rangi na kingo zake zitakuwa na ukungu. Mara nyingi jibu liko hapo, dakika moja haiishi.

Halafu pitisha kidole kwenye mikunjo. Nimeona nakala ambamo mikunjo ya bango la asili imechapwa pamoja na bango: jicho linaiona, kidole hakiikuti. Ndiyo maana kununua kwa picha ya simu kuna shida.

Watu watakwambia pia utumie taa ya zambarau, ile ya kuchunguzia noti bandia. Itumie, ila usiiamini peke yake. Karatasi mpya huwaka samawati kwa sababu ya kemikali za kung'arisha weupe, na kemikali hizo zilianza kuenea kwenye karatasi katika miaka ya 1950. Bango la 1938 likiwaka, kuna tatizo. La 1965 likiwaka, hujajua kitu bado.

Nirudi kwenye ile hamsini yako, maana humo ndimo kuna jambo ambalo naona hujaliona. Mwaka 1958 Wajapani walikata tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1.1, na nchi haikuwa na watu hata milioni mia moja. Mwaka 1960 studio zilitoa filamu 547. Piga hesabu ni ngapi kwa wiki. Kila moja ilikuwa na bango lake, mara nyingi zaidi ya moja, na bango lile lilikuwa na kazi ya siku chache tu mpaka programu ibadilike. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kulihifadhi. Baadaye televisheni ikaingia majumbani, kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine, na kilichobaki kwenye stoo ndicho kinachouzwa leo Jimbocho.

Kwa hiyo filamu zilizopata zawadi Ulaya, watu wa dunia nzima wanagombania mabango yake, na mabilionea hutawaweza. Lakini nyuma ya kila filamu moja ya namna hiyo kuna mamia ambayo nje ya Japani hakuna anayeyajua: vijana wa Nikkatsu wenye miwani ya jua na bastola bandarini Yokohama, watu wa panga wa Toei, akina mama wa Shochiku wanaolia karibu na dirisha la treni. Hayo ndiyo ya yen elfu chache. Mimi, ukiniuliza, napenda ya Shochiku kuliko ya samurai. Tazama jinsi walivyokuwa wakikata nyuso kutoka kwenye picha za rangi nyeusi na nyeupe, wakazipaka rangi za mashavu na midomo, wakazipanga zielee juu ya mandhari moja ya njano au bluu, na jina la filamu limeandikwa kwa brashi likiteremka kama mvua ya masika. Filamu yenyewe ni nyeusi na nyeupe, bango limejaa rangi. Ukiwa na chumba kidogo na mshahara wa yadi, mkusanyo mzuri kabisa unaweza kuujenga hapo hapo, na hatakupita mtu yeyote Tanga kwa sababu hakuna mwingine mwenye nao.

Sasa mkeo. Hana kosa. Ulimwambia unawekeza, na mtu akiambiwa uwekezaji anasubiri faida. Badala ya faida akaona picha ya kipofu na upanga huku nyumba haina paa. Ungemwambia unapenda tu vitu hivi, angekuuliza unatumia shilingi ngapi kwa mwezi, swali ambalo unaweza kulijibu bila kuona haya. Elfu tatu tatu hizo si pesa ya kuvunja nyumba. Yen 180,000 ni mabati. Mpigie simu, usitume ujumbe, umwambie bango la Samurai umeliacha na kwa nini umeliacha, na pesa ya kupaua itume wiki hii hii ili isiwe inakupigia hodi kila ukifungua simu. Habari za Venice mwambie pia. Wanawake wa Tanga ninaowajua wanapenda sana kusikia jinsi muuzaji alivyokamatwa.

Kuhusu kontena, hapana. Wewe unafanya kazi ya magari, unajua kontena hutoka jasho: mchana linachomwa na jua baharini, usiku linapoa, maji yanatona kutoka darini. Gari linavumilia, karatasi ya miaka sitini haivumilii. Mabango yasafiri na wewe. Yaliyo mazima yaviringe kwa ulegevu, picha ikiwa ndani, yakiwa na karatasi laini isiyo na asidi katikati yake, kwenye bomba gumu lenye kipenyo kikubwa. Yale dhaifu, yaliyoanza kuchanika kwenye mikunjo, yasiviringwe kabisa. Yalaze kati ya mbao mbili nyepesi. Ya chini ya godoro yatoe leo. Ya ukutani usiyabandue kwa nguvu: kata selotepu ukutani kwa wembe, iache ibaki kwenye bango, na uachie mtu wa kutengeneza karatasi. Jimbocho waulize nani anafanya urauchi, ni kazi ya kubandika washi, karatasi ya asili ya Kijapani, mgongoni mwa bango kwa gundi ya ngano, ambayo siku nyingine inaweza kulowekwa ikatoka. Fanyia mawili matatu yenye thamani, mengine hayahitaji.

Tanga adui zako ni unyevu, jua, mchwa na mende, na fundi wa fremu mwenye haraka. Usikubali yeyote ayatie plastiki kwenye ile mashine ya moto ya stesheneri wanayotilia vyeti. Ikishashika haitoki tena. Mabango mengi yakae yamelala ndani ya majalada yasiyo na asidi kwenye kabati la chuma, rafu iwe juu ya sakafu, mbali na ukuta unaopigwa na upepo wa bahari. Ukitumia mifuko ya plastiki chagua ya polyester, usiifunge ncha zote mbili, la sivyo unaufungia unyevu ndani na kuvu inakaribishwa. Weka pakiti za kukausha unyevu na uzibadilishe wakati wa masika. Kwenye fremu kuwe na nafasi kati ya bango na kioo, kwa sababu joto letu hunata wino kwenye kioo. Na usitundike mbele ya dirisha. Nyekundu ya wino wa zamani ndiyo huondoka kwanza, utabaki na samurai wa bluu.

Jambo la mwisho, lisikusumbue sana. Hamsini ni mengi kwa nyumba mpya. Kabla hujaondoka, panga yote sakafuni na utoe yale uliyonunua kwa sababu yalikuwa rahisi tu. Yauze ukiwa bado huko, Jimbocho au kwenye minada ya mtandaoni ya Kijapani, kwa sababu wanaoyajua na kuyasoma wako huko. Ukiyafikisha Tanga utatafuta mnunuzi mpaka uzeeke. Na kama bado roho inataka samurai saba, tafuta ribaibaru ya 1991 iliyoandikwa wazi kwamba ni ya 1991, kwa bei ya 1991. Zatoichi usimuuze.